Mkasi wa Mama Sieni

Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna mtu aliyegusa mkasi wa Mama Sieni. Ulikuwa mkasi mzito wa chuma, mpini wake umeviringishwa kitambaa chekundu, na mahali pake palikuwa kwenye meza ndefu ya kukatia, katika karakana yetu ya kushonea hapa Apia, mjini kwetu kisiwani. Wanawake kumi na wawili walishona. Yeye peke yake alikata. Alikata kwa jicho, bila karatasi ya kipimo. Mtu akiingia tu mlangoni, Mama Sieni alishajua kiuno chake. Alijivuna kwa hilo, na tusimlaumu, maana alikuwa na haki.

Shida ni kwamba jicho lenyewe lilikuwa limeanza kumtupa mkono. Tangu mvua za mwaka huo, kitu kama moshi kilitanda mbele yake. Alijua ni mtoto wa jicho, kwa sababu mama yake alikuwa na ugonjwa huo, lakini hakumwambia mtu. Mkata nguo asiyeona atakata nini? Na bila mkasi ule, yeye Sieni angekuwa nani? Basi akaanza kukata kwa vidole. Alipapasa upindo, akahesabu shubiri, akasogeza mkasi polepole, na wenzake wakadhani uzee umemwongezea subira.

Msimamizi mpya aliitwa Tausala, binti wa miaka ishirini na minane. Alizaliwa hapahapa, akachukuliwa ng'ambo, Auckland, akiwa na miaka tisa, akasomea usimamizi huko, kisha akarudi kukaa na bibi yake. Alikuwa mchangamfu na mwenye roho nzuri. Wiki ya kwanza tu feni zilizokufa miaka mitatu zilizunguka. Ila akiona kosa alilisema palepale, kwa yeyote, kwa sauti ileile. Alikosomea alifundishwa kwamba kuheshimu watu ni kuwatendea wote sawa. Wasichana wa cherehani walimpenda kwa hilo. Wazee walimwita Bi Papo-kwa-Papo, naye hakujua.

Jumatano moja mwanzoni mwa Oktoba walikuwa na kazi ya kwaya ya kina mama: puletasi, yaani blauzi na sketi ndefu yake, za kuvaliwa Jumapili ya Watoto. Kitambaa kilikuwa cheupe, chenye majani hafifu ya mshelisheli. Mama Sieni alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amepumzika, Tausala alipokuja na sketi mikononi akasimama mbele yake.

"Mama Sieni, majani yote yanatazama chini," alisema. "Sketi kumi na mbili. Haiwezekani, itabidi tukate upya."

Cherehani zote zikanyamaza. Kwetu ukipita mbele ya mzee aliyeketi unainama na kuomba radhi, na ukiwa na neno naye unakaa kwanza, chini yake, ndipo unasema. Kumsimamia mzee kichwani na kumkosoa mbele ya watu ni jambo ambalo hata mtoto wa miaka minne anachapwa kwalo. Tausala aliwahi kulijua. Lilimtoka huko alikokwenda, na sasa alishangaa kwa nini hakuna anayemtazama.

"Sawa, mwanangu," Mama Sieni alijibu. Akaufunga mkasi wake ndani ya lavalava, shuka yake ya kiunoni, akaenda nyumbani.

Alhamisi wanawake watano wa rika lake walituma habari kuwa wanaumwa. Mmoja mgongo, mwingine jino, na Lupe, mwenye mdomo kuliko wote, alisema goti limekataa kabisa, ingawa asubuhi ileile alionekana sokoni na furushi la magimbi begani.

Habari hizo zilimfikia Mama Sieni nyumbani kwake, naye badala ya kufurahi akaona aibu. Wenzake walikuwa wakimnunia mtoto wa watu kwa ajili ya kosa ambalo macho yake mwenyewe ndiyo yaliyolitenda. Hakula vizuri siku hiyo.

Ijumaa asubuhi aliona kivuli kifupi ukingoni mwa mkeka. Mtu alikuwa ameingia ameinama, akaketi sakafuni, miguu ameikunja, kichwa chini.

"Mama, ni mimi Tausala. Nilikusimamia kichwani mbele ya wenzako. Nimekosa. Sikuja kwa ajili ya sketi."

"Nani kakutuma?"

"Bibi. Lakini hata asingenituma ningekuja. Labda ningechelewa."

Mama Sieni alitaka kucheka. Hata kuomba radhi, huyu alikuwa papo kwa papo. Angeweza kupokea radhi hiyo na kurudi kazini ameinua kichwa, mshindi, na mkasi ungebaki wake mpaka kosa jingine. Alilifikiria hilo, tusimfanye malaika. Kisha akapigapiga mkeka kando yake.

"Sogea hapa. Umevaa rangi gani leo?"

"Bluu, Mama."

"Mimi naona moshi."

Bi Papo-kwa-Papo aliushika mkono wa mzee, akakaa nao.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na sare zote za gwaride la Juni? Ulizikata hivyo?"

"Kwa vidole."

"Mama, zile nilizikagua mimi mwenyewe, moja moja. Sikuona kosa hata moja."

Hapo Mama Sieni akalia. Alikuwa amejiandaa kunyang'anywa mkasi, hakuwa amejiandaa kusifiwa.

Jumatatu goti la Lupe lilikuwa limepona. Mama Sieni aliwaambia wote habari ya macho yake, kwa kinywa chake, na kwamba daktari wa macho amempangia upasuaji Novemba. Kisha akashika mkasi. Tausala alivuta kigoda kifupi akaketi kando ya meza, akamtandazia kitambaa.

"Majani yanatazama juu, Mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mkasi ukaenda, na sketi kumi na mbili mpya zilikuwa zimekatwa kabla ya adhuhuri.

Alasiri, vidole vyake vikiwa kwenye upindo, Mama Sieni alisikia Tausala akiinuka. Akasikia miguu ya kigoda ikikwaruza sakafu, ikipita cherehani moja baada ya nyingine, mpaka ikasimama kwa Lupe. Binti akaketi kwanza, ndipo akaanza kusema, taratibu. Mama Sieni hakuhitaji macho kujua kuwa Lupe kapindisha mshono tena.