Nchi Tatu na Kibanja Kimoja

Kuna watu Nshamba ambao hadi leo wakiniona wananiuliza nimerudi lini kutoka Kanada, halafu wanacheka mpaka wanajishikiza kwenye migomba, nami nawaacha wacheke kwa sababu aibu ile niliipika mwenyewe na kuipakua mwenyewe mbele ya ukoo mzima. Bado nina hasira. Nina hasira na ndugu zangu, nina hasira na mke wangu kwa kuwa alinionya na alikuwa sahihi, lakini zaidi nina hasira na mdomo wangu.

Kazi yangu ni mitandao ya kompyuta. Sikusoma chuo, nilimaliza kidato cha nne nikaenda Kampala kuvuta nyaya kwenye duka la mtu, nikahamia Kigali, nikahamia Mwanza, nikarudi Bukoba, na kila nilipokuwa nilikumbuka nyumbani, na kila niliporudi nyumbani miguu iliniwasha (ugonjwa huo sijaupatia dawa, na nina miaka arobaini na minne). Mwaka jana nikaamua kuhama kabisa, niende na mke na watoto nchi za mbali. Nikatengeneza jedwali: huku nchi, huku kodi, baridi, lugha, miaka ya kusubiri ukaazi, na kama wanamkubali mtu mwenye vyeti vya kazi bila shahada. Nchi nyingi zilinikata hapo kwenye shahada. Zikabaki tatu, Ujerumani, Uholanzi na Kanada, na kila nilipokaa kwenye kompyuta nilibadilisha alama kidogo tu, nchi nyingine ikaongoza.

Kosa lilianzia Kemondo. Nilikutana na mjomba Leonidas, kaka yake mama, akinunua samaki. Binti yake ni muuguzi Kanada na alitaka sana niende huko ili awe na ndugu karibu, basi akaniuliza safari ya Kanada ni lini. Mvua ilikuwa inaanza, sikuwa na hamu ya kumweleza jedwali, nikamjibu mwezi wa sita, Mungu akipenda. Alifurahi mpaka akaninunulia sato. Nikaona kumbe ni rahisi hivi. Baba mkubwa Kamala, ambaye ni mkuu wa ukoo wetu na mzee wa kanisa la Kilutheri, alitaka Ujerumani kwa sababu ndiko anakoamini dini yetu ilikotoka, nikampa Ujerumani. Mama mkwe wangu, wa Nshambya kule Bukoba mjini, alikuwa amesikia kwamba Uholanzi watoto huenda shule kwa baiskeli bila kugongwa; nikampa Uholanzi. Advera, mke wangu, akaniambia hawa watu wanajuana. Nikamjibu kwamba nikishachagua nitawaeleza wote kwa utulivu.

Utulivu wenyewe sikupewa. Kwetu, mtoto wa kwanza aliyerithi kibanja cha baba yake, yaani shamba la migomba lenye nyumba na makaburi ya wazee, akitaka kwenda mbali kwa miaka mingi, hukikabidhi mbele ya ukoo. Katibu wa ukoo anaandika nani atakitunza, na anaandika mwenye kibanja akifa atafuatwa wapi, maana anarudishwa azikwe kwake, kati ya migomba yake, pembeni ya wazee wake. Nilijua hayo yote. Nilichotaka ni mdogo wangu Elia akitunze kibanja, mama aendelee kukaa humo, nami nikirudi nikikute ni changu. Sikufikiri kwamba baba mkubwa angeitisha kikao hicho kabla sijachagua, tena awaalike na upande wa mama na wakwe.

Jumamosi ya kikao nilikuta nyumba ya mama imejaa. Kahawa ya kutafuna imeshazungushwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ipo kwenye vibuyu, mama amevaa gomesi lake la harusi za watu. Mjomba alikuja na koti zito la mtumba, ambalo alimwonyesha kila aliyeingia. Mama mkwe alikuja na senene, wale panzi wetu wa kukaanga, kwenye kopo. Baba mkubwa alikuwa na barua ya mchungaji ya kunitambulisha kwa Wakristo wa huko niendako. Nilitamani kumvuta kila mmoja pembeni, lakini kila nilipomvuta mmoja wengine wawili walikuwa wanatusogelea (watu wetu wakiona mnanong'ona hawawezi kukaa).

Tukatoka nje, mahali alipozikwa baba. Baba mkubwa akasimama, akasema, "Mwanangu, sema mwenyewe, katibu aandike. Ukifia huko, tukufuate wapi?"

"Kanada," akadakia mjomba. "Hata koti hili hapa."

"Kanada ipi tena, Ta Leonidas?" mama mkwe akauliza. "Mimi senene zangu ni za Uholanzi."

Baba mkubwa aliinua ile barua, akaifungua, akawaonyesha palipoandikwa Ujerumani. Wakaanza kuulizana nani aliambiwa lini, na kumbe wote niliwatajia mwezi wa sita. Jirani mmoja akamwambia katibu aandike Ulaya na viunga vyake. Mwingine akasema nitapanda ndege tatu, moja itabeba kichwa. Kicheko kikapanda, na nilipogeuka nikamwona Elia naye anacheka, Elia niliyekuwa nakuja kumwachia kila kitu.

Ningesema, jamani, sijaamua, nisameheni, kikao kingeahirishwa na tungekula ndizi. Lakini hasira ilinipanda kichwani. Niliwaambia hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza kazi yangu ni nini, kila mmoja amenichagulia nchi inayomfaa yeye, na mimi si kifurushi. Hayo yalikuwa kweli na ningeishia hapo. Nikaongeza, "Nikifa nizikeni huko huko. Sina shida na shimo la Nshamba."

Kicheko kikakatika. Mama alikuwa amesimama karibu na kaburi la baba, akainamisha uso. Baba mkubwa akakunja barua yake taratibu, akamwambia katibu, "Andika kama alivyosema."

Na katibu akaandika. Kwetu asiyetaka kuzikwa kibanjani amekiacha. Kibanja kikaandikwa kwa Elia, si cha kutunza, ni chake, na kina mjomba wote wakatia sahihi kama mashahidi. Nami nilikuwa nimeshawasha gari.

Nilirudi baada ya wiki mbili kuomba radhi. Baba mkubwa alinipokea vizuri, akanisikiliza, akasema radhi ameipokea ila karatasi haibadilishwi kwa kila mtu anayepoa. Mama akaniambia, "Mimi nitalala pale na baba yako. Wewe umejichagulia." Akaenda kuchota maji, hakutaka nimsindikize.

Mwishowe kampuni moja ya Ujerumani ikanichukua kazini. Juzi nilikuwa Bukoba mjini najaza fomu za viza, nikafika mahali wanapouliza anwani ya kudumu ya nyumbani. Nimepanga nyumba maisha yangu yote. Nikampigia Elia, mimi kaka yake mkubwa, kumwomba ruhusa niandike Nshamba.

"Andika, kaka," akasema. "Ila weka kwa Elia, ndivyo karatasi inavyosema."

Nikaweka, kalamu inatoboa karatasi. Nimeapa, mtu akiniuliza jambo ambalo sijaliamua nitamwambia sijui, hata mvua ikinyesha vipi. Ni neno fupi mno. Lingenibakizia mahali pa kuzikwa.