Kaka Yangu Juu ya Wote

Skuli nilikaa muda mfupi, nikatoka nikijua kusoma na kutia sahihi, basi. Duka la saruji na mabati pale Malindi nililisimamisha kwa mikono yangu, na sioni haya kujisifu. Mwisho mwisho wa miaka ya themanini nikanunua kompyuta, wenye digrii zao wakiwa bado wanaiogopa.

Fundi alitoka Mombasa. Akanieleza kwamba kila mtu atapewa neno lake la siri, na kila neno lina ruhusa zake: huyu auze tu, yule atazame mali iliyobaki. Juu ya wote awepo mmoja wa kubadilisha bei, kuingiza mfanyakazi mpya na kumtoa wa zamani. Akanishauri niwe mimi, kwa kuwa ndimi ninayeshinda dukani.

Nikakataa. Kaka yangu wa Mambrui ndiye aliyenilea baba alipokufa, na aliuza shamba lake ili mimi nianze. Nitakaaje juu yake, hata kama ni ndani ya mashine? Fundi alicheka kidogo, akafanya nilivyotaka.

Ikawa kila Ijumaa baada ya sala kaka anakuja, kanzu imepigwa pasi. Anaketi kwenye kiti changu, anabonyeza kwa kidole kimoja, na sisi sote tunageuza nyuso kuangalia barabarani mpaka amalize lile neno lake. Akitoka pale hutembea mgongo umenyooka.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzo viatu msikitini, halafu njia ya nyumbani, na Ijumaa moja hakuja. Karani wangu akaolewa Marafa, nikaajiri mwingine, mashine ikamkataa. Saruji ikapanda, mashine ikang'ang'ania bei ya zamani. Nikawa mgeni ndani ya duka langu.

Nikaenda Mambrui. Shemeji, mkewe kaka, akanifungulia mlango na kuniomba nisimchoshe. Nikamwamkia kaka shikamoo, nikakaa chini karibu na kitanda, nikamwomba lile neno.

"Niliambiwa nisimwambie mtu," akasema.

"Mimi si mtu wa kando, kaka. Ni mdogo wako."

"Hata mdogo wangu."

Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mteja. Kisha akauliza, "Kwani wewe pale dukani ni nani?"

Nikamjibu kuwa mimi ni karani wake. Akaridhika, akaniusia niwe mwaminifu.

Kama neno lilikuwa bado kichwani mwake, sikujua, wala sitajua. Nilirudi tena na tena, mpaka shemeji akaniambia wazi kuwa nikishaondoka mzee halali, anahangaika akidhani ameiba kitu. Nikaacha.

Fundi akaitwa tena. Akasema hakuna njia ila kufuta yote na kuanza upya, kila bati na kila kilo ya misumari ihesabiwe na kuingizwa tena. Nikamwambia afute. Akauliza safari hii juu awe nani. Nikasema mimi.

"Na yule mzee? Nimwekee angalau ruhusa ya kutazama?"

Kaka alikuwa hai, anakula, anavuta pumzi, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Nikamwambia fundi asimwandike.