Mwewe Ambaye Kuku Hawakumkimbia

Niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa sina homa wala sijaonja rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua utakavyonitazama nikifika katikati. Nisikilize tu, kisha uamue.

Nyumbani kwetu ni Nyanga, Bukoba. Zama zile za vijiji vya ujamaa nilikuwa msichana mkubwa, karibu kuolewa. Kibanja chetu kilikuwa kama vingine: migomba, mibuni chini yake, nyumba katikati, na kaburi la babu nyuma ya nyumba. Kwetu mwenye kibanja hulazwa ndani ya kibanja chake. Baba yangu, tuliyemwita Tata, alikuwa amekwisha kutuonyesha mahali pake, ubavuni mwa babu. "Hapa," alisema akicheka, "niwasikie vizuri mkigombana."

Tata ndiye aliyenifundisha kuwatambua ndege wanaokamata vifaranga. Si kazi ngumu, hata wewe utaweza. Anza na mkia. Mkia wenye panda, kama wa samaki, ni mwewe. Mkia mfupi wa duara na mabawa mapana, kipanga. Mkia mrefu, na ndege mwenyewe anapenya kati ya migomba bila kugusa jani, huyo ni kozi. Siku moja nilipiga kelele, "Tai! Tai!" Tata akatazama juu. "Waitu, mwanangu, tai wako amebeba kijiti cha kujengea kiota. Huyo ni kunguru." Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha Tata akaniambia neno ambalo sijalisahau: "Mkia utakuambia jina lake. Nia yake, waulize kuku."

Kila jioni alizunguka kibanja akigusa milamula, ile mimea tunayopanda kuonyesha mpaka, mmoja baada ya mwingine. Alichechemea mguu wa kushoto tangu jembe lilipomkata. Akifika mlangoni alikohoa, kikohozi kikavu cha mtu anayesema, nipo.

Wanaume walipotakiwa Ngenge, kule Muleba, kufungua shamba la kijiji cha ujamaa, Tata alikwenda. "Kahawa ikiiva nitakuwa hapa," alimwambia mama. Kahawa ikaiva. Tukaichuma wenyewe.

Mchana mmoja mama alikuwa jikoni akimenya ndizi, mimi naanika buni uani. Ndege akatua mpakani. Nikatazama mkia: panda. Mwewe. Nilifungua kinywa niite, ndipo nikawaona kuku. Tetea aliendelea kuparua na vifaranga wake, hakuinua hata kichwa. Umewahi kuona jambo kama hilo? Kifaranga kimoja kilipita katikati ya miguu ya yule mwewe!

Mwewe akaanza kutembea. Hakuruka, alitembea, akiburuta mguu wa kushoto. Akaufikia mlamula, akaugusa kwa bawa. Akaenda kwa mwingine, akaugusa. Niamini, niliacha buni, nikasimama. Alizunguka mpaka wote, akafika kaburini kwa babu, akajilaza ubavuni mwake, akafumba macho.

Ndipo mama akatoka jikoni. Yeye aliona mkia tu.

"Mwewe huyo! Na wewe umesimama kama mgomba?" Akanyakua debe, akalipiga kwa mwiko huku akimkimbilia. "Toka! Nenda kwenu! Hapa si kwako!"

Ndege akainuka, akatua mlangoni, akamtazama mama. Akakohoa.

Debe likaanguka. Mama alikisikia kikohozi kile kama nilivyokisikia mimi. "Ni wewe?" aliuliza. Lakini ndege alikuwa amekwisha kupaa, chinichini, kama mtu aliyechoka, akielekea Ngenge.

Kesho yake balozi wa nyumba kumi alikuja, kofia mkononi.

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Sema."

Tata aliugua homa kule Ngenge, akafa. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari hakuna, wenzake wakamzika hukohuko, na mmoja wao akaleta habari kwa baiskeli. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Walimzika lini?"

"Jana, mchana."

Wazee walisema kaburi halifukuliwi. Wakatuzikia mgomba uliofungwa shuka, ubavuni mwa babu, badala ya mwili. Tulisali, watu wakatawanyika. Mama alibaki amesimama pale. "Mgomba haukohoi," alisema.

Tangu siku ile hakufukuza ndege tena. Kozi walichukua, mwewe walichukua, mpaka uwanja ukabaki mtupu. Ukimsihi angalau apige makofi, alijibu, "Nilimwambia mwenye kibanja hapa si kwake. Nimfukuze nani tena?" Kila jioni aliweka kigoda mlangoni, akasikiliza, hadi tulipomlaza yeye naye, kando ya ule mgomba.

Sasa kuku ni wangu. Mwewe wanakuja, na kuku wanakimbia, kila mara wanakimbia. Wewe uliye na kuku, jifunze mikia, ni jambo jema. Lakini kabla hujapiga debe, watazame kuku wako. Wakikimbia, fukuza. Wasipokimbia, nakuomba, weka debe chini, umwache afike mlangoni.