Mgeni Mwenye Pindo Jeusi

Morwenna Nancarrow, mpishi mstaafu wa shule, alikuwa na aibu moja tu maishani, nayo ilikuwa na mabawa. Mwaka jana alimtoa Jory Penhale mezani, chai ikiwa bado ya moto, aje kumwona kipepeo aliyevuka bahari kutoka kusini. Kufika, ni yule wa njano wa kawaida, mzaliwa wa uani. Jory, mwenye shamba, ndiye aliyeifikisha habari baa, na kijiji kikacheka mpaka Krismasi.

Sasa ni Agosti, na Jory amewasha trekta akate klova, majani ya malisho ya ng'ombe wake. Kipepeo mgeni wa kusini naye hutaga mayai kwenye klova hiyo hiyo.

"Jory, mpenzi, niachie kona ya chini!" Morwenna aliita. Kule kwao Cornwall hata muuza nyama huitwa mpenzi.

"Nimwone kwa macho yangu, la sivyo nafyeka yote. Na usiniletee tena yule wa uani!"

"Huyu niliyemwona leo ana pindo jeusi juu ya bawa. Mwaka jana sikungoja aruke, mjinga mimi."

Morwenna akajilaza kifudifudi kwenye klova ya kona ya chini. Wapita njia wawili wakasimama, wakauliza kwa adabu kama amekufa.

"Bado, asanteni sana."

Hatimaye akampata, ametua kwenye ua, njano iliyokolea kama kiini cha yai. Ila huyu akitua hufumba mabawa, na pindo liko ndani. Papo hapo wingu likaziba jua, naye kipepeo akaganda.

"Si yuleyule huyo?" Jory alisema, akiinama.

"Ngoja jua litoke."

"Jua? Hapa kwetu penye mvua? Utanizeesha, bibi wee."

Morwenna alitamani amguse kidogo tu, akajizuia. Kiumbe aliyetoka mbali vile hasukumwi. Jory akaguna, akachomoa chupa ya chai, akammiminia kikombe. Wakanywa wakilitazama wingu.

Jua likachungulia. Kipepeo akaruka, na pindo jeusi likaonekana waziwazi. Akatua mbele kidogo, akapinda tumbo, akataga. Akaenda katikati ya shamba, akataga. Akapanda mpaka kona ya juu, akataga huko pia.

Morwenna alicheka huku machozi yakimtoka. "Umeona?"

"Nimeona." Jory akaenda kuzima trekta. "Sasa niambie, mpenzi, nikate wapi?"