Stima ya Jua Niliyowaahidi Watu wa Ruiri

Hii sijawahi kuwasimulia kwa sababu nikiikumbuka masikio yanapata moto, lakini kwa vile leo mmenibana, wacha niseme yote, mnicheke mmalize.

Mnajua nafundisha fizikia huku Ruiri. Siku ya wazazi mgeni wa heshima alichelewa, mwalimu mkuu akaniomba niwashughulishe watu dakika kumi, nami (mtu wa kupenda maikrofoni) nikaanza kueleza vile jua hupata moto wake kwa kuunganisha viini vya atomi, na kwamba wanasayansi wanajaribu kufanya hivyo ndani ya mtambo, tupate stima isiyo na moshi, mafuta yake yakitoka kwenye maji. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mama mmoja akauliza itakuja lini, na mimi nikaona nikisema hatujui nitaonekana sijasoma, nikajibu, "Miaka mitano hivi." Wakapiga makofi, nikaketi nimejaa fahari.

Wiki mbili baadaye chifu akanipigia simu. Mzee Mutwiri, ambaye nguzo za stima zilitakiwa kupita shambani kwake kuelekea dispensari, alikuwa amekataa kutia sahihi ya kuziruhusu, na majirani watatu wakamfuata, eti mwalimu amesema stima ya waya inaisha.

"Kuja baraza ya Ijumaa uwaeleze," chifu akasema, hata salamu hakunipa.

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Nilisoma kila kitu nilichopata kuhusu hiyo mitambo, na kadiri nilivyosoma ndivyo ile miaka mitano ilivyozidi kusogea mbali. Ijumaa nikafika nikakuta watu wamejaa, na (Mungu anisamehe, nilitamani kurudi) baadhi ya wanafunzi wangu wako pale na wazazi wao.

Sista Kendi, muuguzi wa dispensari, ndiye aliyesimama kwanza. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

"Mwalimu, friji yangu ya chanjo ni ya gesi, na gesi ikiisha nazikimbiza chanjo Meru na pikipiki. Nataka kujua tu, huo mtambo wako unawasha nyumba za watu wapi?"

Nikaanza kuzunguka, kwamba kuna majaribio makubwa ng'ambo, kwamba matumaini yapo.

"Nimeuliza nyumba," akasema.

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja, Sista." Hapo nikaona afadhali nitapike yote. Nikawaambia hata pale walipopata nishati nyingi kuliko ile ya miale waliyoyapigia mafuta hayo, mitambo ya kutoa miale yenyewe ilikuwa imekula stima zaidi ya hiyo, na kuna wataalamu wanaosema itachukua miaka mingi sana, wengine wana shaka kama itawahi kulipa.

Mzee Mutwiri akainuka polepole. "Sasa ile miaka mitano uliitoa wapi?"

"Kichwani mwangu, Mzee."

Baraza nzima ikacheka, wanafunzi wangu wakiongoza. Yeye hakucheka. "Mimi nilikuamini," akasema, "kwa sababu ni wewe unafundisha mjukuu wangu." Kisha akamwomba chifu kalamu, akatia sahihi, akaondoka bila kuniangalia.

Bado naamini ile stima inaweza kuja siku moja, na darasani naifundisha kwa moyo wote. Lakini niliapa palepale, mtu akiniuliza lini, awe mtoto wa kidato cha kwanza au mkaguzi wa shule, nitamjibu sijui, na nitasema kwa sauti, asikie hata aliyeketi nyuma kabisa.