Mipira Minne ya Mkono wa Kushoto

Mwezi uliopita, kwenye uwanja wa skuli moja kule Kiembe Samaki, mama mmoja alinisukumia mwanawe wa kidato cha tatu na kunambia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Mwalimu, huyu wangu shoto!" Alilisema hilo kama mtu anayetangaza kuwa mwanawe kahifadhi juzuu thalathini. Nilicheka hadi akadhani namdharau. Sikumdharau hata kidogo. Ni kwamba kwetu Jang'ombe, enzi zetu, neno hilo la mtumia mkono wa kushoto lilisemwa kwa kunong'ona, tena baada ya kuhakikisha mgeni keshaondoka.

Nikwambie kwanza mimi ni nani sasa, maana wewe ulonijua zamani huenda usiamini. Mimi ndiye ninayeitwa skuli zikitaka kujua mtoto gani ana mkono wa besiboli na yupi anapoteza muda wake. Nina stashahada ya ukocha, ya ng'ambo, niliyoisomea kwa jasho langu baada ya kubeba magunia ya vitunguu Malindi na kuosha vyombo katika nchi ambayo baridi yake ingekulaza kitandani wiki nzima. Mtoto akirusha mara tatu tu, nakwambia habari za bega lake, kiuno chake na tabia yake, na sikosei sana. Wapo wasemao najisifu. Basi na nijisifu, kwani kazi nimeifanya mimi. Lakini stashahada yangu yote haijanionesha tena kile nilichokiona jioni moja nikiwa na miaka kumi na sita.

Mchezo wenyewe uliletwa skulini kwetu na kijana wa kujitolea kutoka Ujapani. Alikaa mwaka mmoja, akaondoka, akatuachia magongo matatu, glavu saba na mipira michache. Mwalimu wetu wa michezo akaurithi. Wenzetu wa kandanda walikaa juu ya ukuta kututania: "Wapiga nzi hao! Leo mmeua wangapi?" Sisi tunachota maji kwenye bomba la msikiti baada ya Alasiri na kuumwagia uwanja ndoo kwa ndoo ili vumbi litulie. Mpira ukichanika, fundi viatu aliushona kwa uzi wake mweusi, na ulifika wakati tukacheza na mpira wenye uzi mwingi kuliko ngozi. Glavu tulizipaka mafuta ya nazi zisikakamae. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi, kiganja changu kinawasha.

Harufu nyingine ilitoka getini, kwenye karai la mihogo la bibi yake mrushaji wetu. Bibi huyo ndiye aliyemlea, peke yake. Mrushaji tulimwita Shoto, lakini si mbele ya bibi, hakuna aliyethubutu. Tangu mjukuu wake ana miaka mitatu, kila ukifika wakati wa kula, bibi alimfunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga hadi wa kulia ukaijua njia ya kinywani. Akamfunza kuandika kwa kulia, kupokea kwa kulia, na kumpa mtu mzima kitu kwa kulia. Kwenye mpira tu ndiko alikofumba macho. "Mpira upuuzi," alisema akigeuza mihogo yake, "na upuuzi utumie mkono wowote."

Mimi nilikuwa mdakaji. Kila jioni, kwa miaka miwili, nilichuchumaa nyuma ya besi, kile kibao anaposimama mpigaji, nikaipokea mipira ya mkono ule. Mpira ulikuja umenyooka kama uzi, kisha, hatua tatu kabla ya kunifikia, ukakata kona kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Kiganja kilivimba hadi siku nyingine nikashindwa kushika kalamu, na mama alikikanda kwa maji moto ya chumvi huku akiulaani mchezo na walioleta mchezo. Sikulalamika. Hapakuwa na mtoto mwingine Unguja nzima aliyeweza kuudaka mpira ule, na nililijua hilo.

Ikaja habari kwamba mzee mmoja wa Kijapani angepita skuli kwa skuli kuchagua mwanafunzi mmoja, mmoja tu, akasome kwao miaka mitatu na kuchezea timu ya huko, masomo na malazi bure. Skuli nzima ilijua nafasi ni ya Shoto. Na aliihitaji. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu, miguu inavimba kwa kusimama karaini, na alikwishamwambia kuwa mwaka ule ukiisha, basi skuli nayo imekwisha, akatafute kibarua. Wa pili kwa Shoto, walisema wote, ni mimi.

Mzee alikuja na kofia nyeupe na glavu iliyotuzidi sote umri. Mwalimu alitufasiria maneno yake: kila mmoja atarusha mipira kumi, na ataidaka yeye mwenyewe, kwa sababu kipimo chake ni kiganja chake. Ilipofika zamu yake, Shoto alikwenda na shati lililopigwa pasi hadi likang'aa, akampa mkono, akasema, "Shikamoo," akarudi mahali pake. Akarusha. Kwa mkono wa kulia.

Ulikuwa mpira wa heshima, wa taratibu, kama mtu anayempelekea mgeni kikombe cha kahawa.

"Kushoto, we mtoto!" Mwalimu alimkemea huku akimchekea mgeni. "Umerogwa?"

"Mwalimu, mgeni huyo," Shoto akajibu. "Tena mtu mzima. Ntampaje kwa kushoto?"

Mwalimu, aliyelelewa mitaa hiyohiyo, akamtupia mpira mwingine.

Ukaenda wa pili, ukaenda wa tatu. Kule ukutani wale wa kandanda wakapiga kelele: "Leo nzi wamepona!" Mzee aliidaka mipira ile kama anayeokota embe chini, akatoa daftari mfukoni, akaandika mstari mmoja mfupi.

Hapa sina budi kusema kweli. Nilijua la kufanya tangu mpira wa kwanza. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumfungua Shoto, naye alikuwa getini, hatua hamsini. Nikanyamaza. Nilihisabu: Shoto akishindwa, nafasi yangu. Nilinyamaza mipira mitano. Mwenyewe Shoto hadi leo anashikilia kuwa ni sita. Na kilichoninyanyua si wema, usinipambe. Ni kwamba nilimwona yule mzee akijipangusa kiganja chake kikavu, kisicho na hata wekundu, nikachomwa moyoni. Angeondoka akidhani mipira hiyo ndiyo niliyokuwa nikiipokea miaka miwili! Kwamba uvimbe wangu wote ule ulikuwa wa vikombe vya kahawa! Nikatoka mbio.

"Bibi, Shoto anarusha kwa kulia!"

"Shoto ndo nani?"

"Mjukuu wako, bibi. Anasema mgeni hapewi kitu kwa kushoto. Nafasi inakwenda."

Bibi alitazama mihogo yake ikiungua. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaanza kutembea kwa ile miguu yake, na watoto wakampisha njia. Nilidhani atamsifu kwa adabu yake, na mambo yaishie hapo.

"We mwanangu!"

"Naam, bibi."

"Huyo mgeni kaja kula, au kaja kutazama mpira?"

"Kaja kutazama mpira."

"Basi mpira si wali. Mpe kwa mkono alokupa Mungu. Radhi nshakupa."

Ilikuwa imebaki mipira minne. Shoto aliuhamisha mpira kutoka kiganja cha kulia kwenda cha kushoto, polepole, akimtazama bibi. Nilimtazama mzee nikataka kumwambia ajihadhari, lakini sikuwa na lugha.

Nimeona mikono mingi tangu hapo. Nimekaa kwenye viwanja vya nyasi, chini ya taa, nikatazama vijana wanaolishwa na kupimwa kama farasi. Sijapata kuona mpira ukiondoka vile. Sauti ya kwanza ilikuwa ya hewa kupasuka, ya pili ya glavu, na baina yake hapakuwa na nafasi ya kupepesa jicho. Mzee alipiga goti. Hakuanguka, alipiga goti tu, kama aliyesukumwa. Wa pili ulikata kona, ukampita kabisa, ukagonga ukuta, na wale waliokaa juu yake wakashuka mmoja mmoja. Wa tatu aliudaka kwa shida. Wa nne hakutaka kuudaka. Alivua glavu, akanipa mimi, akasimama pembeni aone. Niliudaka, ndugu yangu, mbele ya macho yake, bila kutikisika.

Kisha akavua kofia akamwinamia Shoto, akageuka akamwinamia na bibi.

"Kaangusha nini?" bibi akauliza.

Shoto akaenda. Miaka miwili alirusha huko hadi wakamwandika magazetini mwao, na mwaka wa tatu bega likachanika. Wakalipasua, halikurudi. Alibaki hukohuko, ana kazi kiwandani, ana mke na watoto, na kila Idi hunipigia simu. "Wa kushoto ushastaafu," hunambia, "huu wa kulia ndo unaonilisha." Bibi hakuwahi kumwona tena, tulimzika sisi, watoto wa uwanja. Uwanja nao umekwisha, pamejengwa fremu za maduka, wanauza simu na mapazia.

Huniuliza vijana wangu, mkono kama ule ulitoka wapi, alifunzwa na nani. Nina vitabu vya kuwajibu, na huwajibu kwa vitabu. Lakini mimi naamini jambo jingine. Mkono ule ulinyimwa wali, ukanyimwa kalamu, ukanyimwa salamu. Duniani ulibakishiwa mpira peke yake, na njaa ya hivyo vyote ikaingia humo.