Siku Mdogo Wangu Aliponiamkia kwa Adabu

Kaka yetu mkubwa alipoanza kutumia heroini mjini, sisi huku kijijini kwetu Ruanda tulimsifia. Alikuwa mtu wa kelele na utani. Sasa ikawa akija nyumbani anaongea taratibu, anaamkia kila mtu, anasinzia mkekani kama mtoto. Mama alisema Mungu amemtuliza. Majirani walisema mji umemfunza adabu. Tulimzika tukiwa bado hatujaelewa.

Mdogo wangu alipita njia hiyohiyo. Yeye alipona, kama neno hilo linafaa. Alikunywa dawa ya kuachia heroini kliniki kila siku, miaka, mpaka wakampunguzia kidogo kidogo na kumwachisha. Akarudi na mdomo wake wa zamani. Watu wanasema hana heshima. Mimi namwombea abaki hivyohivyo.

Machi hii tulikuwa tunalima ngoro, yale mashimo yanayozungukwa na matuta, kwenye mteremko uliokuwa wa marehemu kaka. Yeye anafyeka majani kwa nyengo na kuyalaza kwa miraba, mimi nafuata nyuma, nachimba katikati na kuyafukia kwa udongo. Siku zote hunicheka: "Dada, matuta gani haya? Makaburi ya kuku?" Asubuhi ile aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, dada."

Alilaza majani kimya, yamenyooka vizuri, na kila nikimwangalia nilimwona yule mwingine. Niliendelea kufukia. Swali lilikuwa mdomoni, nikalimeza, nikalimeza tena. Tulipofika nusu ya shamba likatoka lenyewe.

"Umetumia?"

Hakukasirika. Alinigeuzia upande wa pili wa uso. Shavu lilikuwa limevimba.

"Jino. Jana zahanati walitaka kunipa vile vidonge vikali vya maumivu, ndugu wa heroini. Nikawaambia nilikotoka, wakanipa vya kawaida. Havisaidii kitu."

"Sasa mbona umenyamaza hivyo?"

"Kwa sababu niligeukia njiani, dada. Nikarudi mpaka mlangoni kwao, niwaambie nimedanganya, wanipe." Akaokota nyengo yake. "Walikuwa wamefunga. Leo usiniache peke yangu."

Nilisogea nikalima karibu naye, karibu mno, hata akashindwa kuzungusha nyengo. Akalitazama tuta langu.

"Hili ni kaburi la jogoo," alisema, kwa shida, ameshika shavu.

Nikamwambia arudie.